Namna ya Kuanza Kukusanya Santuri Adimu za Bluzi za Kabla ya Vita

Wanaoanza kukusanya santuri za bluzi (muziki wa Wamarekani weusi uitwao "blues" kwa Kiingereza) za kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia huuliza maswali yale yale: waanze na santuri zipi, watajuaje kwamba waliyouziwa ni toleo la asili, waisafishe kwa kitu gani, na je, wanaweza kuicheza kwenye gramafoni ya babu bila kuiharibu. Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kusikiliza kabla ya kununua hadi kuipanga santuri kwenye rafu.

Santuri zinazozungumziwa hapa ni za mizunguko 78 kwa dakika, nyingi zikiwa na kipenyo cha inchi 10 na wimbo mmoja wa takriban dakika 3 kila upande. Zilitolewa Marekani, hasa kwa wanunuzi Wamarekani weusi, kati ya mwaka 1920, Mamie Smith alipoirekodia kampuni ya OKeh wimbo wa "Crazy Blues", na mwaka 1942, serikali ya Marekani ilipobana matumizi ya shelaki kwa sababu ya vita na chama cha wanamuziki kikasimamisha kurekodi. Shelaki ni utomvu unaotokana na wadudu wadogo wa Bara Hindi na nchi jirani, na hutengeneza santuri baada ya kuchanganywa na unga wa mawe. Santuri za Siti binti Saad, zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, nazo zilitengenezwa kwa malighafi hiyo. Kwa hiyo aliyerithi santuri za taarabu za zamani anaweza kuzifuata hatua za kukagua, kusafisha na kucheza kama zilivyo hapa chini.

Jambo moja litangulie mengine yote. Vibao vya chuma vilivyotumika kuchapia santuri za kampuni kama Paramount vimepotea kwa sehemu kubwa, na kwa nyimbo nyingi hakuna chanzo kingine cha sauti isipokuwa santuri chache zilizonusurika majumbani mwa watu. Ukishika mojawapo umeshika waraka wa historia, na ndiyo maana mwongozo huu unatanguliza hali ya santuri na kunakili sauti yake kabla ya bei.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Mashine ya santuri yenye kasi ya 78, ambayo uzito wa mkono wake, yaani fimbo inayobeba sindano, unaweza kurekebishwa. Zile za sanduku dogo zenye spika ndani, zinazouzwa kama zawadi, mara nyingi hazina marekebisho hayo na hazifai.
- Sindano ya santuri za 78, yenye ncha ya takriban maikroni 76 (maikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita). Sindano ya kawaida ya santuri za plastiki ina ncha ya takriban maikroni 18.
- Taa moja ya mezani yenye mwanga mkali, na kioo cha kukuzia.
- Bahasha za karatasi zisizo na asidi za inchi 10, pamoja na masanduku au rafu imara.
- Maji yaliyokenekwa, sabuni laini ya maji isiyo na manukato, brashi laini na mataulo safi yasiyoacha nyuzi.
- Daftari au jedwali la kompyuta la kuandikia kumbukumbu.
- Diskografia, yaani orodha ya rekodi zenye namba na tarehe. Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kina hifadhidata ya bure mtandaoni ya rekodi za kihistoria za Marekani. Kwa bluzi pekee, kitabu cha Dixon, Godrich na Rye, kinachofikia mwaka 1943, ndicho ambacho wakusanyaji wote hurejelea.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kununua

Karibu muziki wote wa enzi hiyo uliopatikana umekwisha kutolewa upya, na sehemu kubwa yake husikilizwa bure mtandaoni. Tumia muda wa kutosha kusikiliza, kisha amua unataka kukusanya nini: waimbaji wanawake wa miaka ya 1920, gitaa la Mississippi, piano na gitaa la mijini, au kampuni moja tu. Asiye na uamuzi hununua chochote kinachoitwa bluzi, na baada ya muda hujikuta na rundo ambalo hata yeye halisikilizi.

Anza na santuri zilizouzwa kwa wingi na zilizochapwa vizuri: Bessie Smith kwenye Columbia, Leroy Carr kwenye Vocalion, Tampa Red na Washboard Sam kwenye Bluebird, Kokomo Arnold na Peetie Wheatstraw kwenye Decca. Bluebird na Decca ziliuzwa kwa senti 35 wakati kampuni kubwa zilikuwa zimezoea kutoza senti 75, na ndiyo sababu nyingi zake bado zinapatikana. Kwa maoni yangu, hakuna shule nzuri ya mkusanyaji mpya kuliko santuri safi ya Leroy Carr, kwa kuwa ni muziki wa daraja la kwanza na kosa utakalolifanya juu yake halitaifilisi nyumba yako.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma lebo na namba

Namba ya katalogi, iliyo kwenye lebo, yaani karatasi ya duara iliyo katikati ya santuri, ndiyo inayoitambulisha santuri. Kampuni zilitenga mifululizo maalumu ya namba kwa muziki wa Wamarekani weusi: OKeh ilikuwa na 8000, Columbia 14000-D, Paramount 12000 iliyoendelea hadi 13000, Vocalion 1000, Brunswick 7000, na Victor V-38500. Ukiikariri mifululizo hiyo, utaweza kupekua sanduku zima la santuri za dansi na nyimbo za kanisani kwa dakika chache na kuitoa ile moja inayokuhusu.

Namba ya pili ni namba ya kurekodia, ambayo kwa kawaida hukwaruzwa au kugongwa kwenye shelaki, katika eneo laini kati ya lebo na mwisho wa mifereji, yaani mistari myembamba ambamo sindano hupita. Iinamishe santuri chini ya taa mpaka namba hiyo ijitokeze, uinakili pamoja na herufi au tarakimu ndogo inayoifuata, kwa maana mara nyingi hiyo ndiyo inayoonyesha ni jaribio la ngapi la wimbo huo lililochapwa. Santuri mbili zenye lebo ileile zinaweza kubeba majaribio tofauti, na kwa mpenzi wa bluzi tofauti hiyo ina thamani kubwa.

Jina la msanii liamini kwa tahadhari, kwa sababu kampuni zilitumia majina ya bandia mara kwa mara. Paramount ilitoa nyimbo za dini za Charley Patton kwa jina la Elder J. J. Hadley, santuri yake namba 12805 kwa jina la The Masked Marvel ili wanunuzi wabahatishe ni nani, na nyimbo za dini za Blind Lemon Jefferson kwa jina la Deacon L. J. Bates. Aidha, rekodi moja ilitolewa kwa lebo, yaani chapa, kadhaa za bei nafuu: santuri za Robert Johnson, aliyerekodiwa San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, zinapatikana kwenye Vocalion na baadhi yake pia kwenye Perfect, Oriole na Romeo. Mnunuzi anayetafuta jina moja na lebo moja tu atazipita santuri nzuri bila kuziona.

*Tahadhari:* kuanzia miaka ya 1940 baadhi ya rekodi hizi zilichapwa upya kwa ajili ya wakusanyaji, na hata leo zipo nakala za plastiki zenye lebo za kuiga. Santuri ya shelaki ni nzito na ni ngumu, hailegei mkononi. Ikiwa ni nyepesi na ina ulaini mkononi, usiilipie bei ya toleo la asili. Usiipinde kwa nguvu ili kuipima, kwa sababu ikiwa ni ya kweli itavunjika.

Hatua ya 3: Tenganisha uzee na uadimu

Santuri nyingi za kabla ya vita hazina thamani kubwa ya fedha. Kinacholeta uadimu ni uchache wa nakala zilizouzwa, na mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ndio ulioua mauzo. Paramount ilimilikiwa na kampuni ya kutengeneza viti ya Wisconsin. Ilifungua studio katika mji mdogo wa Grafton mwaka 1929, ikawarekodi humo Son House mwaka 1930 na Skip James mwaka 1931, wakati wanunuzi wake wa Kusini mwa Marekani wakiwa hawana hata senti ya mkate. Mwaka 1932 ikaacha kurekodi. Santuri zake za miaka hiyo ya mwisho ndizo zinazotafutwa kuliko zote, ilhali zilichapwa kwa shelaki duni yenye mchakacho kama wa mafuta yanayokaangia, hata ikiwa nakala haijachezwa sana.

Mifano miwili itakuonyesha mipaka ya jambo hili. Paramount 12950 ya Tommy Johnson, "Alcohol and Jake Blues", ambayo ilijulikana kuwa na nakala mbili tu, iliuzwa mnadani mtandaoni mwaka 2013 kwa dola 37,100. Paramount 13099 ya Willie Brown iliorodheshwa na kampuni, lakini haijapatikana hata nakala moja. Kwa upande mwingine, santuri za Blind Lemon Jefferson za mwaka 1926 na 1927 ziliuzwa sana, na shida yake ni kuzipata zikiwa hazijaliwa na sindano za chuma. Kabla ya kutoa fedha, tafuta matokeo ya minada iliyokwisha kufungwa. Bei anayotaja muuzaji kwenye tangazo ni ombi tu.

Hatua ya 4: Kagua hali ya santuri

Ishike kwa viganja kwenye ukingo, vidole visiguse mifereji. Washa taa moja tu, uiweke upande wako, kisha uizungushe santuri polepole huku ukiiinamisha. Santuri iliyochezwa kidogo hurudisha mwanga mweusi unaong'aa. Iliyochakaa huwa ya kijivu, hasa katika sehemu za wimbo zenye sauti kubwa, kwa kuwa hapo ndipo sindano nzito ilipopakwangua zaidi. Mwisho wa wimbo, karibu na lebo, huchakaa mapema, hivyo ukague kwa kioo cha kukuzia.

Kisha tafuta nyufa. Ufa mwembamba kama unywele hauonekani kwa urahisi ukitazama kutoka juu. Uangalie ukingo mzima, ugeuze upande wa pili, na ulinganishe. Mwisho angalia pengo kwenye ukingo, michubuko, mikwaruzo mirefu na hali ya lebo. Pengo lisiloifikia mifereji haliathiri sauti, na linaweza kukupunguzia bei kwa faida yako.

Wakusanyaji hupanga hali kwa herufi: N ni ambayo haijachezwa, E ni bora sana, V ina uchakavu wa wastani lakini husikika vizuri, G imechakaa waziwazi, F na P ni mbovu. Alama za kujumlisha na kutoa huongezwa katikati. Zingatia kwamba G, ingawa imetokana na neno lenye maana ya "nzuri", ni santuri yenye kelele nyingi, na wageni wengi wamedanganyika hapo. Kwa santuri ya kawaida usinunue chini ya V+. Kwa santuri yenye nakala chache duniani, hata G inastahili kuokolewa.

Hatua ya 5: Tafuta na ununue kwa utaratibu

Katika miaka ya 1950 na 1960, watafutaji kama Joe Bussard na Gayle Dean Wardlow walizunguka Kusini mwa Marekani wakibisha hodi nyumba kwa nyumba na kuuliza kama kuna santuri za zamani. Njia hiyo imebaki nyembamba sana. Leo utanunua kwa wafanyabiashara wa santuri wanaotoa orodha za mnada, kwenye minada ya mtandaoni, na kutoka kwa familia za wakusanyaji waliofariki. Msomaji aliye Marekani anaweza pia kupekua masoko ya vitu vya kale na maonyesho ya santuri. Aliye Dar es Salaam au Mombasa atategemea posta, kwa hiyo akadirie nauli na ushuru kabla hajataja bei mnadani.

Mwombe muuzaji picha za pande zote mbili zilizopigwa chini ya taa, na umuulize kwa maandishi maswali matatu: je, kuna ufa wowote, je, ameicheza, na je, ataifungaje. Asiyejibu la ufa, achana naye. Ukikutana na mzee au familia isiyojua thamani ya walicho nacho, waeleze ukweli na uwalipe bei ya haki. Muziki huu ulitoka kwa watu waliolipwa kidogo sana, na si vema mnyororo huo uendelee mikononi mwako.

Hatua ya 6: Simamia ufungaji

Santuri nyingi adimu zimevunjika njiani. Usimwachie muuzaji kazi hii kwa kubahatisha, mwandikie maelekezo: santuri iwe ndani ya bahasha, iwekwe kati ya vipande viwili au zaidi vya kadibodi ngumu vilivyozidi ukubwa wake pande zote, vifungwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi ili santuri isitembee, kisha kifurushi hicho kikae katikati ya boksi kubwa lenye angalau sentimita 5 za vitu laini kila upande. Kifurushi kikifika, kiache kifikie joto la chumba kabla ya kukifungua, na upige picha kila hatua endapo utahitaji kudai fidia.

Hatua ya 7: Safisha bila spiriti

*Tahadhari kubwa kuliko zote:* spiriti na kimiminika chochote chenye pombe huyeyusha shelaki. Visafishio vingi vya santuri za plastiki vina pombe, hivyo soma chupa kabla ya kuifungua.

Ondoa vumbi kwa brashi kavu. Tia matone machache ya sabuni laini kwenye lita moja ya maji yaliyokenekwa, yaani maji yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari. Hakikisha umepewa maji na si asidi. Lowesha brashi, usugue kwa kufuata mzunguko wa mifereji, ukiacha lebo ikiwa kavu kabisa, kisha suuza kwa kitambaa chenye maji matupu na ukaushe mara moja kwa taulo. Usiizamishe santuri majini. Baadhi, kama za Columbia, zilitengenezwa kwa tabaka lenye karatasi ndani, na maji yakipenya kwenye ufa tabaka huvimba.

Hatua ya 8: Cheza mara chache, nakili vizuri

Gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono huibana santuri kwa uzito unaozidi gramu 100, na sindano yake ya chuma huharibu mifereji. Itumie kwa santuri zisizo na thamani tu, ukibadili sindano kila upande. Santuri adimu ichezwe kwenye mashine ya umeme, uzito ukiwa kati ya gramu 3 na 5. Badili mfumo uwe wa mono, yaani wa njia moja ya sauti, kwa sababu kuunganisha njia mbili hupunguza kelele zinazotokana na mtikisiko wa juu na chini.

Unganisha mashine na kompyuta na urekodi sauti ghafi kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 96. Hifadhi faili hilo bila kuligusa. Usafishaji wa kelele ufanye kwenye nakala nyingine, kwani programu inayofuta mchakacho hufuta pia pumzi ya mwimbaji na mlio wa vidole kwenye nyuzi. Jina la faili liwe na lebo, namba ya katalogi na namba ya kurekodia. Ukikusudia kuiweka mtandaoni, fahamu kwamba kwa sheria ya Marekani rekodi za kabla ya 1923 ziligeuka kuwa mali ya umma mwaka 2022, za 1923 zikafuata mwaka 2024, na baada ya hapo huongezeka mwaka mmoja mmoja.

Hatua ya 9: Hifadhi

Zisimamishe wima, zikiegemeana bila kubanana, mahali pakavu pasipofikiwa na jua. Usizirundike. Pwani, ambako unyevu huleta ukungu, fungua masanduku mara kwa mara ili hewa ipite.

Matatizo ya kawaida na utatuzi wake

*Sindano inaruka.* Safisha tena, kisha ongeza uzito kidogo kidogo hadi gramu 5. Ikiendelea, kagua kwa kioo kama kuna mchubuko.

*Sauti ni nyembamba na yenye mikwaruzo mingi.* Mara nyingi umesahau kubadili sindano, na ile ndogo inakwangua chini ya mfereji. Isimamishe mara moja.

*Waimbaji wanasikika kama watoto, au wazito kupita kiasi.* Kasi za kurekodi hazikuwa sawa katika kampuni zote, na nyingi zilikuwa kati ya 76 na 80. Rekebisha kasi kwa kufuata mlio wa piano au gitaa, na uandike kasi uliyotumia.

*Sauti inayumba kila mzunguko.* Tundu haliko katikati. Usilipanue, kwenye santuri ya kawaida vumilia, na kwenye adimu tafuta mashine ambayo ncha yake ya katikati huondolewa.

*Besi ni nyingi mno au sauti imefifia.* Kikuza sauti chako kimepangwa kwa kanuni ya kusawazisha sauti ya santuri za plastiki. Rekodi bila kanuni hiyo ikiwezekana, kisha usawazishe kwenye kompyuta.

*Santuri imepinda.* Iweke kati ya vioo viwili bapa katika chumba chenye joto la kawaida, uache uzito wake uifanyie kazi kwa wiki kadhaa. Usitumie oveni wala jua.

*Santuri imevunjika.* Kusanya vipande vyote, hata chembe, uviweke kwenye bahasha tofauti ili kingo zisisuguane, na usitie gundi, kwa sababu gundi ikiingia kwenye mifereji haitoki. Wataalamu wa kunakili wanaweza kuviunganisha vipande kwa muda juu ya sahani bapa na kuipata sauti, mradi kingo ziko safi. Kwa hiyo hata vipande vya santuri adimu viandike daftarini kwa namba zake na uvitunze pamoja na santuri nzima.